Sikio la ndani halisubiri mtoto akue

Mama mmoja anayeishi Arua ameniandikia kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka miwili na miezi minne, aliugua homa ya uti wa mgongo na kulazwa siku kumi na tano. Sasa ni wiki ya tisa tangu augue. Mtoto alipona, lakini tangu arudi nyumbani hageuki akiitwa, na yeye aliyekuwa akikimbiza kuku uani sasa anatembea akishika ukuta. Kipimo cha usikivu kimeonyesha kwamba masikio yote mawili hayapokei sauti. Daktari waliyeonana naye Kampala amewaambia kwamba mtoto anafaa kupandikizwa kifaa cha koklea, tena upesi, kwa kuwa picha ya CT inaonyesha mfupa umeanza kuota ndani ya sikio. "Mjomba wake anasema tusubiri afike miaka sita, sikio likue kwanza," anaandika mama huyo. "Mfupa unaotaje ndani ya sikio? Na huo waya unaingia wapi, unafika ubongoni? Nimesikia pia kwamba uso unaweza kupooza."

Mama, pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa ukimya uliowapokea mlipodhani kwamba ugonjwa umekwisha. Mtoto wako sijamwona wala picha zake sijazisoma, kwa hiyo uamuzi unabaki kwenu na kwa daktari aliyempima. Ninachoweza kukueleza ni jinsi sikio la ndani lilivyoumbwa, kwa sababu haraka ya daktari, hofu ya uso na hata ule mwendo wa kushika ukuta vyote vinatokana na maumbile hayo.

Nianze na hoja ya mjomba, maana ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Si hoja ya kijinga: mtoto ni mdogo, basi kila kiungo chake ni kidogo. Kwa mkono, mguu na moyo, amesema kweli. Koklea, yaani ile sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ishara za neva, iko tofauti. Imezikwa ndani ya mfupa wa panja, na hufikia ukubwa wake wa utu uzima mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anapozaliwa, koklea yake inalingana na ya babu yake. Kinachoendelea kukua baadaye ni mfupa unaoizunguka, hasa ule uvimbe mgumu unaoupapasa nyuma ya sikio, na fuvu kwa jumla. Upasuaji huzingatia jambo hilo kwa kuacha sehemu ya waya imelegea ndani ya uwazi uliochongwa nyuma ya sikio, ili fuvu linapotanuka waya ujinyooshe taratibu bila kuchomoka. Kwa hiyo karibu miaka minne ya kusubiri haitaongeza hata unywele mmoja wa nafasi ndani ya koklea. Kwa mtoto aliyeugua kama wako, inaweza kuiondoa nafasi iliyopo.

Ili hilo lieleweke, tuingie ndani. Mezani kwangu nina mfano wa koklea, ganda la konokono nililoliokota shambani baada ya mvua, na mfano wa waya wa kifaa, kipande cha mshipi wa kuvulia samaki. Wazazi wengi hutazama picha za kitabuni wakitikisa kichwa kwa adabu, lakini wakipewa ganda na mshipi huelewa kwa vidole. Sukuma mshipi mgumu kwa nguvu: utaingia vizuri mpaka kwenye kona ya kwanza, kisha utagota ukutani, ujikunje au ukwaruze. Chukua mshipi wenye ncha laini, usukume polepole, nao utaufuata ukuta wa nje na kuzunguka wenyewe. Wazo hili si langu. Mwaka 1977 daktari wa Australia, Graeme Clark, akiwa mapumzikoni ufukweni, alijaribu kupitisha jani la nyasi ndani ya ganda la kombe na kuona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu kiasi linazunguka ndani bila shida. Mwaka uliofuata, mjini Melbourne, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza kifaa chenye elektrodi nyingi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme. Nyuzi za leo, yaani zile waya zinazoingia kwenye koklea, bado zinafuata kanuni ileile: ncha laini, shina lenye ugumu kidogo.

Koklea ya binadamu inakaribia ukubwa wa punje ya njegere. Mfereji wake umejizungusha mara mbili na nusu hivi, na ungekunjuliwa ungekuwa na urefu wa takriban milimita 35, ingawa watu hutofautiana kwa milimita kadhaa. Lakini si mfereji mmoja mtupu kama ganda langu la konokono. Ndani yake umegawanywa na tando mbili nyembamba, hivyo kwamba kuna njia tatu zinazopanda sambamba hadi kileleni, na mimi hupenda kuziita ghorofa tatu. Ghorofa ya juu na ya chini zimejaa majimaji yaitwayo perilimfu, yenye chumvi ya sodiamu nyingi kama majimaji mengine mengi ya mwili. Ghorofa ya kati, iliyo nyembamba kuliko zote, ina endolimfu, yenye potasiamu nyingi, na ina chaji ya umeme ya takriban milivolti 80 juu ya ile ya majirani zake. Hiyo ndiyo betri ya sikio. Utando ukipasuka na majimaji hayo yakachanganyika, betri hufa na seli zinazoitegemea hudhurika.

Sauti inapogonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, huipeleka mpaka kwenye dirisha la yai, ambalo ni mlango wa ghorofa ya juu. Kikuku kikisukuma, majimaji husogea, na kwa kuwa maji hayabonyei, lazima kuwe na mahali pengine pa kupumulia. Mahali hapo ni dirisha la duara, mwisho wa ghorofa ya chini, lililofunikwa kwa utando laini unaotuna kila kikuku kinapoingia. Katikati, sakafu ya ghorofa ya kati hutikisika kama mkeka unaokung'utwa, na juu ya sakafu hiyo zimepangwa seli za vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio: za ndani zipatazo 3,500 ndizo zinazopeleka habari kwenye neva, na za nje, takriban 12,000, hukuza mtikisiko na kuunoa. Tulizozaliwa nazo ndizo hizo; zikifa hazioti tena.

Kuna mpangilio mmoja humu ambao bila huo kifaa kisingefaa kitu. Kila sehemu ya mfereji ina sauti yake. Mwanzoni, karibu na madirisha, hujibiwa sauti nyembamba zenye mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde. Kadiri unavyopanda ndivyo sauti zinavyokuwa nene, hadi kileleni kwenye mitetemo 20 hivi. Unapomwambia mwanao "shuka", ile "sh" huamsha zaidi mzunguko wa chini, na "u" huamsha sehemu za juu zaidi. Ubongo haujui ni mtikisiko gani uliotokea. Unachojua ni neva ya mahali gani imepiga hodi. Basi mahali hapo pakiguswa kwa umeme badala ya sauti, ubongo nao husikia sauti ya mahali hapo.

Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria huziua hasa seli za vinyweleo. Neva yenyewe, yenye nyuzi zipatazo 30,000, mara nyingi husalia, japokuwa si yote. Viini vya seli zake vimepangwa ndani ya mhimili wa mfupa ulio katikati ya koklea, kama ngazi ya mnara ilivyozunguka nguzo. Kifaa cha kupandikizwa huziruka seli zilizokufa na kuzungumza na neva moja kwa moja. Uzi wake una elektrodi kati ya 12 na 22, kutegemea mtengenezaji, na huwekwa katika ghorofa ya chini. Ghorofa hiyo imechaguliwa kwa sababu ndiyo pana zaidi mwanzoni mwa mfereji, iko karibu na viini vya neva, na dirisha la duara hufungukia humo moja kwa moja, kwa hiyo daktari anaweza kuingia bila kugusa ghorofa ya kati na betri yake. Hata hivyo, tunaposema "pana" tunazungumzia mlango wa milimita moja na kitu, na uzi ambao nchani haufiki unene wa milimita moja. Ukinyanyuka njiani na kutoboa utando ukaingia ghorofa ya juu, mtoto bado anaweza kusikia, lakini matokeo kwa kawaida huwa hafifu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu ubongo. Waya haufiki ubongoni. Kipokezi, chenye unene wa milimita chache, hulazwa chini ya ngozi juu ya mfupa wa fuvu nyuma ya sikio. Uzi hupita ndani ya mfupa na kuishia ndani ya koklea. Kutoka hapo neva ya kusikia, aliyozaliwa nayo mwanao, ndiyo inayobeba ishara mpaka ubongoni.

Sasa huo mfupa unaoota. Koklea ina kijifereji chembamba sana kinachoyaunganisha majimaji yake na yale yanayouzunguka ubongo. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya hao ile sumu na uvimbe wanaousababisha, hupita humo na kupitia njia ya neva wakaingia sikio la ndani. Kijifereji hicho hufungukia wapi? Katika ghorofa ya chini, mwanzoni kabisa, milimita chache kutoka dirisha la duara. Ndiyo maana kovu huanzia hapohapo. Kwanza majimaji hubadilika yakawa utando wa nyuzinyuzi, kama uji unavyoganda chunguni. Kisha utando huo huingiwa na chokaa ukawa mfupa. Kwa baadhi ya watoto mchakato huanza ndani ya wiki chache baada ya ugonjwa, kwa wengine huchukua miezi, na kwa wengine hautokei kabisa. Bakteria aina ya nimokoko ndiye mwenye sifa mbaya zaidi kwa jambo hili, na pia kwa uziwi wenyewe.

Ona basi mkasa ulivyo: mahali pa kwanza kuziba ni mlango uleule ambao uzi unapaswa kuingilia. Ugonjwa mwingine wa sikio ungeweza kumwachia daktari muda wa kujadiliana na familia hadi msimu wa mavuno upite, lakini huu haumwachii. Mjomba akibaki na shaka, mpeni ganda la konokono lililojaa udongo mkavu ajaribu kupitisha mshipi.

Picha ya CT huonyesha mfupa vizuri, lakini haionyeshi ule utando laini unaotangulia. Kipimo cha MRI huonyesha majimaji: mahali penye maji hung'aa, na mahali palipozibwa na utando hufifia hata kama CT inasema pako wazi. Kwa maneno mengine, CT inapoonyesha mfupa, kazi imekwisha kwenda mbali kidogo. Hiyo haina maana kwamba mmechelewa. Mara nyingi kizibo ni cha milimita chache tu za mwanzo, na daktari huchonga mfupa huo kwa keekee akifuata mwelekeo wa mfereji, mpaka afike mahali palipo wazi, kisha aingize uzi kama kawaida. Kikiwa kirefu zaidi, anaweza kuhamia ghorofa ya juu, ambayo kovu huchelewa kuifikia. Na pale ambapo mzunguko wote wa chini umekuwa mfupa, hutumika kifaa chenye nyuzi mbili fupi, moja huwekwa kwenye handaki lililochongwa chini na nyingine kwenye mzunguko wa pili. Njia hizi zote zinafanya kazi, ila kila hatua humwacha mtoto na elektrodi chache zilizo mahali pake, na ubora wa sauti hupungua kwa kadiri hiyo.

Nije kwenye uso. Aliyekuambia hakubuni jambo; njia ya kuifikia koklea inapita ubavuni mwa neva inayoendesha misuli ya uso. Daktari hukata ngozi nyuma ya sikio, kisha huchonga mfupa wa mastoidi, ule uvimbe mgumu wa nyuma ya sikio, kwa keekee ya umeme chini ya hadubini, maji yakitiririka wakati wote ili joto la chuma lisiiunguze neva. Anapofika ndani hukiona kimguu kifupi cha kifupa cha fuawe, ambacho kwetu sisi tunaopasua masikio ni kama kibao cha njia panda. Chini yake kuna pembetatu ndogo ya mfupa: upande mmoja imeshuka neva ya uso, upande wa pili imepita neva nyembamba ya kuonja inayokwenda ulimini. Kati ya hizo mbili pana upana wa milimita mbili hadi nne hivi, na hapo ndipo tunapotoboa tundu la kuchungulia dirisha la duara. Tundu hili nalo lina ukubwa wa utu uzima tangu kuzaliwa.

Hatuivui neva nguo yake ya mfupa. Tunachonga mpaka mfupa ubaki mwembamba, na neva ionekane kwa ndani kama kiini cha yai lililomulikwa mbele ya taa, kisha tunaacha. Mgonjwa amewekewa sindano ndogo kwenye misuli ya uso, zimeunganishwa na mashine. Keekee ikisogea karibu mno, misuli hushtuka na mashine hulia. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya mwanzo mlio ule ulikuwa ukinikausha koo. Leo hunifurahisha, kwa sababu chumba kikiwa kimya huku sindano imechomoka ndipo pabaya. Kupooza kwa kudumu hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Udhaifu wa muda unaotokana na uvimbe, na ambao hurudi wenyewe, nao ni nadra. Neva ya kuonja huguswa mara nyingi zaidi, na mtu mzima anaweza kulalamika kwamba chai ina ladha ya bati kwa wiki kadhaa. Mtoto wa miaka miwili atakataa uji siku mbili tatu na mtadhani ni deko.

Kuna jambo jingine la uso ambalo huenda hujaambiwa, na afadhali ulijue mapema. Neva hiyohiyo, sehemu nyingine ya safari yake, hupita karibu na ukuta wa mzunguko wa chini wa koklea. Mfupa ulioota upya unaweza kuupitisha umeme vibaya, hivyo baada ya kifaa kuwashwa jicho au mdomo wa mtoto unaweza kuchezacheza kila kunapokuwa na kelele. Huko si kupooza. Mtaalamu wa usikivu huitafuta elektrodi inayohusika kwenye kompyuta, huipunguza nguvu au huizima, na mchezo huisha.

Uzi wenyewe huingizwa polepole, kwa dakika nzima au zaidi. Anayesukuma haraka huongeza shinikizo ndani ya maji yale na kuzidhuru tando. Ukishaingia, dirisha huzibwa kwa kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa mwenyewe, na kabla ngozi haijashonwa mashine hupima kama kila elektrodi inapitisha umeme na kama neva inajibu. Kazi yote kwa kawaida ni saa mbili hadi tatu kwa sikio moja. Penye mfupa wa kuchonga inaweza kuzidi.

Umeutaja mwendo wa mwanao kama jambo dogo, ukidhani ni unyonge wa ugonjwa. Huenda si unyonge. Sikio la ndani si koklea pekee. Nyuma yake kuna mifereji mitatu nusu duara na vijifuko viwili vinavyomwambia mtu kichwa chake kimeinama au kinazunguka, na vyote vinaogelea katika majimaji yaleyale. Ugonjwa ulioingia chumba kimoja umeingia na cha pili. Mtoto wa umri huu hujifunza upya kusimama kwa kutegemea macho na nyayo zake, na baada ya miezi utamwona anakimbia tena. Hata hivyo gizani, ambapo macho hayamsaidii, ataendelea kuyumba, kwa hiyo mwachieni taa usiku. Na msimwache peke yake karibu na maji, iwe mto au pipa la uani: asiye na mizani ya sikio, akizama, anaweza asijue juu ni wapi. Mwambie daktari wa upasuaji kuhusu mwendo huo, kwa sababu upasuaji unaweza kupunguza mizani iliyosalia katika sikio linalofunguliwa, naye ataipima kabla ya kuamua.

Ikiwa uwezo wa fedha upo, baada ya homa ya uti wa mgongo ushauri wa kawaida ni kupandikiza masikio yote mawili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu lile litakaloachwa linaweza kuwa jiwe kabla hamjarudi. Najua bei ya kifaa kimoja tu inaweza kula shamba. Kama ni kimoja, mimi binafsi huchagua sikio ambalo mfereji wake uko wazi zaidi kwenye picha, maana huko ndiko elektrodi zote zina nafasi ya kufika. Wapo wenzangu wanaosema tuliwahi lile linaloziba. Mwulize daktari wako anafuata njia ipi na kwa nini.

Atasikia nini? Hatasikia kama ulivyomzoesha wimbo wa kumbembeleza. Elektrodi 20 haziwezi kuiga seli 15,000, na umeme husambaa majini na kugusa neva za jirani. Maneno hupita vizuri. Kupanda na kushuka kwa sauti, yaani mkondo wa wimbo, hupita kwa taabu. Nimeona umeandika kwamba nyumbani mnazungumza Kiswahili na Kilugbara. Kiswahili hakitofautishi maana ya neno kwa kupandisha au kushusha toni, lakini Kilugbara hufanya hivyo, na kwa mtoto mwenye kifaa hapo patakuwa na kazi ya ziada. Watoto wa Kichina wenye vifaa hivi hupata taabu hiyohiyo ya toni, na bado wengi huijua lugha yao. Basi msimwondolee Kilugbara cha bibi yake. Mwambieni neno karibu, uso kwa uso, ndani ya sentensi badala ya peke yake, na mtegemee kwamba toni zitakuja nyuma ya maneno. Kifaa huwashwa kwa mara ya kwanza wiki chache baada ya upasuaji, jeraha likishapona, na mafunzo ya kusikia huendelea kwa miaka. Mtu asikudanganye kwamba siku ya kuwasha ndiyo siku ya kusikia. Wakati mkisubiri, mtoto aliyekwisha kuwa na maneno huyapoteza haraka, kwa hiyo endeleeni kuzungumza naye mkimtazama, na jifunzeni ishara. Lugha ya ishara imetajwa katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, na ishara hazimzuii mtoto kusema.

Jambo la chanjo ni la lazima. Kifaa kinaacha njia ndogo kati ya sikio la kati na la ndani, na ile njia ya kuelekea majimaji ya ubongo unaijua sasa. Mtoto aliyepandikizwa yuko katika hatari kubwa kidogo kuliko wenzake ya kupata homa ya uti wa mgongo tena, hasa ya nimokoko. Chanjo ya nimokoko iliingizwa katika ratiba ya watoto Uganda mwaka 2013, na kadi yake itaonyesha kama amekamilisha. Mtoto aliyepita miaka miwili huongezewa chanjo pana zaidi ya aina 23, na ni vizuri ipatikane wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji. Wiki hizo mbili zisigeuke kuwa sababu ya kuahirisha. Achanjwe sasa, tarehe ikiwa bado inatafutwa. Na baadaye, sikio lake likitoa usaha au akiwa na homa na maumivu ya sikio, asitiwe matone ya dukani kwanza. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mnaporudi Kampala, chukueni kadi ya chanjo, majibu ya kipimo cha usikivu na filamu au diski ya CT yenyewe, si maandishi ya majibu peke yake, kwa sababu daktari wa upasuaji hutaka kuuona mfereji kwa macho yake. Mwulizeni mambo mawili: kizibo kina urefu wa milimita ngapi katika kila sikio, na ana kifaa gani cha akiba endapo uzi wa kawaida hautaingia. Atataka pia MRI, na ana haki. Lakini moja ya sababu kubwa za MRI kwa watoto viziwi ni kuhakikisha kwamba neva ya kusikia ipo, na mwanao, aliyegeuka akiitwa kwa miaka miwili, amekwisha kutupa jibu la hilo. Kama foleni ya MRI ni ndefu, ulizeni iwapo CT mpya inatosha kuanza kazi. Kwa mtoto ambaye mfupa umekwisha kuonekana, mimi nisingeiruhusu foleni hiyo ile mwezi mzima.